Arukapo Mama, Mwana Hakanyagi

"Arukapo mama, mwana hakanyagi." Methali hii mmeisikia leo kwa wanawake waliokuwa wakipalilia, wajukuu zangu, na mmoja wenu akadhani inahusu kuruka mifereji. Sivyo. Haikutoka shambani, ilitoka kanisani, na chanzo chake ni hiki.

Huku kwetu milimani Upare aliishi mama mmoja aliyeitwa Nakunda. Alikuwa mwalimu wa akina mama usharikani, mtu wa kuheshimika, na alipoomba hata wazee walitulia. Jirani yake alikuwa mama mwingine, Eliuze. Wawili hao walikuwa wakiombana moto na chumvi, na Nakunda alipojifungua binti yake, Tumsifu, Eliuze ndiye aliyempokea mtoto, tena akasimama kuwa mdhamini wake wa ubatizo.

Mwaka mmoja mvua zilikuwa haba. Maji ya mfereji yaligawanywa kwa zamu, na siku ya zamu ya Nakunda, Eliuze akayafungulia shambani kwake. Mahindi ya Nakunda ndiyo kwanza yalikuwa yakichanua, yakanyauka yamesimama. Eliuze alikuja kuomba radhi. Nakunda alimsikia akibisha, akaendelea kuchagua maharage mpaka hodi ikakoma. Tangu hapo wakawa wanapishana njiani kama watu wasiojuana, mmoja akitazama mlima, mwingine bonde.

Sasa, Nakunda alikuwa na desturi ya kusali Sala ya Bwana na mwanawe kila jioni kabla ya chakula. Jioni ya kwanza baada ya ugomvi, alipofika kwenye maneno ya kuwasamehe waliotukosea, ulimi ulikuwa mzito. Aliona kuyasema ni kumdanganya Mungu. Lakini badala ya kusamehe, aliyaacha maneno. Akakohoa kidogo, akaendelea na yanayofuata. Ikawa hivyo kila jioni. Moyoni alijisifu kwamba angalau hasemi uongo, na mtoto mdogo vile angejua nini?

Ikafika Jumapili ya mavuno. Watoto walipewa kuongoza ibada, na Tumsifu, kwa kuwa ni binti wa Nakunda, akapewa Sala ya Bwana: yeye aseme, usharika ufuatishe. Nakunda alimshonea gauni jipya, akaketi benchi la mbele. Mtoto akasimama wima, akaanza kwa sauti safi, na kanisa zima likamfuata. Nakunda akaona fahari. Kisha Tumsifu akafika mahali pale. Akakohoa kidogo, akaruka.

Wengine wakafuatisha, wengine wakanyamaza, sala ikakatika. Mwinjilisti, mzee Elinaja, akainama, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, umesahau maneno ya kuwasamehe waliotukosea."

"Sijasahau," mtoto akajibu. "Sisi nyumbani hapo huwa tunakohoa."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akajikatiza, maana hapakuwa na asiyejua habari za mfereji. Tumsifu, kwa kuona watu wazima wote kimya, alidhani hawamwamini. Akamgeukia mama yake. "Si ndivyo, mama?"

Nakunda alitamani ardhi ipasuke immeze. Njia ya kujinasua ilikuwepo: angeweza kutabasamu na kusema mtoto amechanganyikiwa, na watu, kwa heshima yake, wangejifanya wameamini. Lakini aliona midomo ya mtoto imeanza kutetemeka, akajua kwamba akisema hivyo atakuwa amemtwika mwanawe aibu isiyo yake. Akasimama.

"Ndivyo, mwanangu," akasema. "Wewe hukukosea. Ni mimi niliyeruka, nawe ukanifuata."

Hakuthubutu kutazama upande aliokaa Eliuze. Mwinjilisti akaianzisha sala upya yeye mwenyewe, na yalipofika maneno yale, Nakunda aliyasema kwa sauti ambayo hata aliyeketi naye benchi moja hakuisikia.

Ibada ilipokwisha, watu walimpisha mlangoni kama wanavyompisha mfiwa. Eliuze alikuwa akimngoja nje, kanga ameivuta mpaka karibu na macho.

"Maji niliyafungua nikijua si zamu yangu," Eliuze akasema. "Nilikuja kukuambia hivyo, ukawa hupo."

"Nilikuwepo," akasema Nakunda. "Nilikusikia. Nisamehe, dada."

Kukiri huko kulimchoma kuliko yote ya kanisani, maana siku zote hizo alikuwa akiwaambia watu kwamba Eliuze hakuja kamwe kuomba radhi. Eliuze alimshika mkono, wakashuka pamoja, na Tumsifu akitangulia mbele akirukaruka kama vile hapakutokea neno.

Wakubwa walipatana siku ile ile. Kwa mtoto haikuwa rahisi hivyo. Jioni nyingi baadaye, wakifika mahali pale, Tumsifu alikohoa bila kukusudia, na kila mara Nakunda aliinamisha kichwa, akayarudia maneno polepole mpaka mtoto ayashike.

Kule usharikani aliomba apumzishwe ualimu, akapumzishwa. Hata hivyo akina mama hawakuacha kumwendea. Mmoja alilalamika kwamba mwanawe ni mwongo, mwingine kwamba wake hana adabu kwa wakubwa. Nakunda hakuwapa mafundisho marefu kama zamani. Aliuliza tu, "Wewe mwenyewe huwa unaruka wapi?" Waliomwelewa walirudi nyumbani wakijichunguza. Nao wakaanza kuonyana wenyewe kwa wenyewe, kisimani na mashambani, kwa maneno haya mafupi mliyoyasikia leo, hata akina baba wakajua kwamba neno "mama" linawahusu na wao.

Nanyi, wajukuu zangu, siku si nyingi mtaitwa wazazi, na kuna macho madogo yatakayowatazama hata mnapodhani hayaoni. Arukapo mama, mwana hakanyagi.