Nungunungu na Mizinga Mitano

Jamani, mmekaa?
*Tumekaa, tupe!*
Niwape nusu au niwape yote?
*Tupe yote!*

Hapo zamani za kale, wanyama wa Bonde la Migunga walikuwa na soko la asali. Mwenye asali aliipeleka pale, akarudi na karanga, mtama na mihogo. Nungunungu alikuwa mjane, ana mizinga mitatu na mtoto mmoja, Miba. Kila mavuno aliweka kidogo ghalani.

Mwaka mmoja kikaingia kikohozi. Akaanza Swala, akafuata Kanga, mwisho bonde zima likawa linakohoa. Tembo, mkuu wa bonde, akatangaza: "Soko limefungwa! Kila mmoja abaki kwake mpaka ugonjwa uishe."

Asali ikakosa mnunuzi. Mzinga uliouzwa pishi ishirini za karanga ukashuka hadi kumi, ukashuka hadi tano, ukashuka hadi mbili.

Ngiri akaja, akasimama mbali na mlango. "Dada Nungunungu, chukua mzinga wangu. Nipe chochote, watoto hawajala."

Nungunungu alikuwa amegawa karanga zake mafungu mawili. La kwanza lilikuwa la kula yeye na Miba mpaka mvua zije. Hilo hakuligusa. Akaenda kwenye mzinga wa Ngiri, akatega sikio. Vuuuu!

"Nyuki wamo," akasema. "Wanaokohoa ni sisi. Chukua pishi tatu, kaka."

Baada ya wiki mbili akaja Kima. "Nichukulie mzinga wangu, dada. Asali haina maana tena." Nungunungu akaenda, akatega sikio. Vuuuu! "Nyuki wamo." Akatoa pishi tatu. Fungu la pili likaisha, naye akaacha kununua.

Majirani wakamcheka. "Anakusanya magogo matupu, masikini!"

Fisi hakucheka. Naye alitaka mizinga, ila aliitaka kwa bei ya karibu bure. Akazunguka bonde lote akipiga kelele: "Nyuki nao wanakufa! Uzeni mizinga kabla haijaoza!" Wenye mizinga wakaingiwa na hofu. Fisi akapata kumi, kila mmoja kwa pishi moja.

Kisha akaja kwa Nungunungu. Siku hiyo Miba alikuwa amelala, mwili wa moto, anakohoa.

"Pole, mama Miba," akasema Fisi. "Niuzie yote mitano, upate cha kumlisha mgonjwa. Nyuki wanakufa, hujasikia?"

Nungunungu akaingiwa na hofu. Akamtazama mwanawe. Akatazama ghala. Fungu la kwanza lilikuwepo. Akapika uji wa karanga, akamnywesha Miba taratibu. Ndipo akaenda kwenye mizinga, akatega sikio mmoja baada ya mwingine.

Vuuuu!

"Nyuki wamo," akasema. "Siuzi."

Fisi akaondoka amenuna. Lakini kungoja nako hakuwezi. Siku ya tatu tu akasema, "Asali yangu iko wapi?" Akaipasua mizinga kumi, na migunga haijatoa hata ua. Akakuta masega makavu. Nyuki wakamrukia, wakamuuma pua, wakahama bonde.

Mvua zikanyesha. Migunga ikachanua. Miba akaamka asubuhi akiomba mihogo, na mama yake akalia kwa furaha. Mmoja mmoja wanyama wakapona, Tembo akafungua soko. Kila mtu alikuwa na hamu ya kitamu! Mzinga ukafika pishi thelathini. Nungunungu alivuna asali ya mizinga yote mitano, akaiuza, na mizinga akabaki nayo. Fisi alikuja na magogo kumi matupu na pua kama boga.

Ngiri akaja, kichwa chini. "Dada, mimi niliuza kwa ujinga."

"Hapana, kaka. Hukuwa na akiba ya kungojea." Akamjazia kibuyu cha asali. "Mzinga uliokuwa wako, kautunze. Mavuno tutagawana nusu kwa nusu, mpaka upate wako."

Basi wenzangu, wakati wa hofu usiuze kitu kizima kwa sababu bei imeanguka. Kichunguze kwanza kama bado kiko hai. Tenga chakula cha nyumbani, nunua kwa kile kilichobaki, kisha ngoja.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe kwake, aliyechoka akalale salama.