Diski ya Kituo cha Ndobelo

Mwepesi wa kupokea siye mwepesi wa kurudisha.

Methali hiyo mmeisikia leo hapa karakana, fundi Tusekile alipomzuia mteja asiondoke na diski ambayo haijasomwa yote, nanyi mkacheka mkidhani ni kijembe cha wakopaji. Sivyo, wanangu. Maneno hayo yana kaburi lisilo na mtu ndani yake, na kwa kuwa mmeuliza, nitawaeleza yalikotoka.

Palikuwa na fundi aitwaye Ambakisye, mwangalizi wa kituo cha tahadhari ya mafuriko pale Ndobelo. Kituo kilikuwa chumba kimoja juu ya kilima. Chini yake ulipita mto Lusalala, na kando ya mto, katikati ya mashamba ya mpunga, ndipo lilipokuwa soko. Kule milimani mto unakoanzia kulifungwa kipima maji, ambacho kilituma namba kwa redio mpaka kwenye kipokezi kilichokuwa mezani kwa Ambakisye. Kipokezi kiliipa kompyuta namba ile, kompyuta ikaihifadhi kwenye diski, kisha ikaisoma tena humo na kuchora mstari kwenye skrini. Mstari ukivuka alama nyekundu, king'ora kililia chenyewe. Watu wa bondeni walilima, wakauza na kulala wakikitegemea king'ora hicho.

Masika yakiwa yanakaribia, diski ya kituo ilianza kukwaruza. Ilikuwa ya zamani, ya kuzunguka. Ambakisye aliogopa isije ikafa mvua zikiwa zimepamba moto, kwa hiyo akaenda mjini kutafuta SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani.

Alianzia kwa Tusekile, ambaye walisomea ufundi pamoja. Tusekile alimwonyesha diski moja ya watengenezaji wanaojulikana, yenye namba ya utambulisho inayoweza kuhakikiwa na dhamana ya miaka. Haikuwa kubwa, wala mbio zake hazikuwa za ajabu. Alimweleza kwamba kompyuta ya kituo huandika mchana na usiku bila kupumzika, kwa hiyo asitazame mbio, atazame diski inavyostahimili kuandikwa. Tena akamsihi kwamba yoyote atakayoichukua, aijaze mpaka pomoni, kisha aisome yote kabla ya kuikabidhi kazi.

Ambakisye hakubisha. Lakini karibu na stendi alikuta kibanda chenye diski nyingine, ganda lake likimeta, na lebo ikiahidi nafasi mara nne ya ile ya Tusekile. Muuzaji aliichomeka kwenye kompyuta yake, akaimwagia video ndefu ya harusi, nayo ikaingia mara moja, kama maji kwenye mchanga. Ambakisye alivutiwa. Manyunyu yalikuwa yameanza na gari la kurudi Ndobelo lilikuwa linajaza. Akaichukua. Kituoni kompyuta iliwaka upesi kuliko ilivyowahi kuwaka, naye kwa furaha hakuijaza wala kuisoma kwanza.

Ilifanya kazi vizuri tu. Mvua zikashika, mstari ukapanda na kushuka, na Ambakisye akaona amechagua sawasawa.

Ikaja siku ya soko. Asubuhi mkewe, Atupele, aliteremka na mchele wake, binti yao Lusajo akiwa mgongoni. Bondeni hapakunyesha, ila milimani kulikuwa kumefunga giza tangu alfajiri. Ambakisye alitazama skrini. Mstari ulikuwa umelala chini kabisa, mbali na ile alama nyekundu. Akachemsha chai.

Alikuwa hajaimaliza aliposikia mto umebadilisha sauti. Mto uliojaa kidogo hunguruma, lakini huu ulikuwa ukigonga, kama mtu anayeviringisha mawe ndani ya pipa. Alitazama tena skrini, mstari umelala. Alijiambia kwamba sauti hubebwa na upepo, na kwamba mashine haina sababu ya kumdanganya. Kisha harufu ya tope bichi ikaingia dirishani, na kijiko kikaanza kutetemeka ndani ya kikombe bila kuguswa na mtu.

Hapo ndipo alipoutazama ule mstari kwa makini. Haukuwa umesogea hata kidogo. Katika masika hakuna mto unaotulia namna hiyo. Alifunua kitambaa kilichofunika kipokezi, akainama kwenye kidirisha chake kidogo ambacho hakuwa na mazoea ya kukitazama. Namba iliyokuwamo ilikuwa kubwa mno hata akaisoma mara mbili. Alipokuwa bado ameikodolea macho, ikapanda.

Akaelewa. Kompyuta ilikuwa ikipeleka kila namba kwenye diski, na diski ilikuwa ikijibu kwamba imepokea. Lakini kila ilipodaiwa irudishe, ilirudisha namba ileile ya juzi. Mto ulikuwa umeshavuka alama nyekundu zamani, na bondeni hakuna aliyejua.

King'ora hakikuwa na swichi ya mkono, ni kompyuta tu iliyoweza kukiwasha. Ambakisye alipiga simu ya Atupele, haikupokelewa. Akazing'oa nyaya za king'ora ukutani, akazivuta mpaka kwenye betri, akakosea mara ya kwanza na cheche zikamrukia. Mara ya pili king'ora kikalia.

Hapakuwa na kitu cha kuzifungia zile nyaya. Akiziachia, king'ora kinanyamaza. Kwa hiyo alisimama pale akizibana kwa vidole vilivyokuwa vikiungua, huku kila mfupa wa mwili wake ukitaka kuteremka sokoni. Ukungu ulikuwa umeziba bonde lote. Hakuona mtu. Alisikia tu mayowe, halafu ngurumo kubwa ikayafunika, halafu hakusikia kitu. Aliendelea kuzibana. Alikuwa akilitaja jina la mtoto wake bila kujua kwamba anasema kwa sauti.

Maji yalipokwisha kupita, alikimbia. Watu walikuwa wamejazana kwenye mteremko wa shule, wamelowa tope. Akapita akiangalia nyuso moja moja, kila uso usio wao ukimpunguzia pumzi. Akawaona. Atupele alikuwa ameketi chini, Lusajo kifuani, wote wawili wazima. Ambakisye alipiga magoti mbele yao.

"Baba Lusajo," akasema mkewe, "mbona kimelia maji yakiwa yameshatufika magotini?"



Karibu wote waliokolewa. Aliyekosekana ni mzee Kabuje, mlinzi wa mashine ya kukoboa mpunga. Alirudi kuwafungulia mlango kina mama waliokuwa ndani, wakatoka, yeye akachukuliwa. Walimtafuta mpaka mto uliposhuka kabisa, wasimpate. Wakazika shuka lake.

Ambakisye alimpelekea Tusekile ile diski. Tusekile akaijaza picha, zikaingia zote, upesi, bila lalamiko. Alipoiagiza izirudishe, chache zilitoka, nyingine nusu, na zilizobaki zikawa weusi mtupu. Akalipasua ganda. Ndani mlikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu, ya kuwekwa kwenye simu, isiyofikia hata robo ya nafasi iliyoahidiwa na lebo, iliyogandishwa kwa gundi, na kipande cha chuma cha kuiongezea uzito. Tusekile hakumlaumu. Alimrudishia tu vile vipande mkononi.

Ambakisye angeweza kunyamaza, kwani nani bondeni angejua habari za diski? Usingizi ulimkataa. Alikwenda matangani, akaviweka vile vipande mbele ya mama Gwantwa, mjane wa mzee Kabuje, na mbele ya watu wote akaeleza tangu mwanzo, jinsi alivyoonywa na jinsi alivyopuuza. Wapo waliosimama kwa hasira. Mjane akawaashiria wakae.

"Wewe ulikipendea nini kitu hiki, mwanangu?" akamwuliza.

"Kilikuwa kinapokea upesi, mama. Sijaona kinachopokea upesi kama hicho."

Mama Gwantwa aligeuza uso, akautazama mto uliokuwa ukipita chini kimya kama usiojua lolote.

"Na ule nao ulimpokea mume wangu upesi," akasema. "Nimekaa hapa naungoja unirudishie. Mwepesi wa kupokea siye mwepesi wa kurudisha."



Kituo kilifungwa diski mbili za kuaminika, moja ikinakili nyingine, na zote mbili zilijazwa na kusomwa mpaka mwisho kabla ya kuaminiwa. King'ora kikatengenezewa swichi ya mkono. Ambakisye angali yuko pale, na watu husema mvua ikinyesha milimani yeye halali, hukaa na kipokezi kile kisichofunikwa tena. Maneno ya mjane yalitoka matangani yakaingia kwa mafundi, kisha kwa watu wote. Siku hizi huambiwa hata anayekabidhi ghala au anayeozesha binti. Lakini ninyi mnaokabidhiwa diski za watu, mkiona moja inameza kila mnachoipa kabla hamjapepesa macho, msiisifu bado. Iambieni kwanza irudishe. Mwepesi wa kupokea siye mwepesi wa kurudisha.