Mabomba Tisa ya Nduamo

Aonaye kosa ndiye mwenye kalamu. Ndivyo mtunza stoo alivyowajibu leo asubuhi, na nyinyi wanafunzi mmenijia kuuliza maneno hayo yametoka wapi, kwa kuwa hamjayasoma katika kitabu chochote. Hamtayasoma. Methali hii ilizaliwa katika karakana hii hii ya maji, na aliyesababisha izaliwe ni mimi, Mkumbo, ninayezungumza nanyi. Kaeni basi niwaeleze.

Miaka hiyo tulikuwa mafundi arobaini wa pampu za visima wilaya nzima. Kila mmoja alikuwa na daftari lake, na daftari la fundi lilikuwa kama mke wake: halikuazimwa. Fundi akihamishwa, anaondoka nalo. Akifa, watoto wake wanalitumia kuwashia moto. Kisima kikiharibika, anayekwenda kukitengeneza anaanza kukipima upya kana kwamba kimechimbwa jana.

Ndipo akaja Bi. Theofrida, mhandisi kijana, mwembamba, asiyependa maneno mengi. Alituita akasema, "Kuanzia sasa tutakuwa na wiki yetu." Fundi mmoja akauliza ni wiki hii au ijayo. Mwingine akataka kujua kama inaanzia Jumatatu. Bi. Theofrida akafumba macho kidogo, akayafumbua, akaeleza. Wiki ni kurasa zilizo kwenye mtandao. Fundi yeyote wa wilaya anazifungua kwa simu yake, anasoma, anaongeza, anafuta, anasahihisha. Kila kisima kingekuwa na ukurasa wake: kina chake, aina ya pampu, idadi ya mabomba yaliyoshuka chini, nani alikitengeneza na lini.

"Ukurasa hauna mwenyewe," alisema. "Ni wetu sote."

Tuliitikia kwa vichwa. Kisha kila mtu akaenda kufanya alivyozoea.

Yule mama alipata taabu nasi. Mafundi walimpigia simu saa zote: Bi. Theofrida, kule kisima cha shuleni wameandika pampu siyo yenyewe. Akawajibu, "Basi sahihisha." Wakasema, "Sawa," wasisahihishe. Mmoja alichapisha ukurasa mzima kwenye karatasi, akasahihisha kwa wino mwekundu, akamtumia kwa dereva wa basi. Siku ile nilimwona Bi. Theofrida ameishika karatasi ile, anaitazama. Nadhani alikuwa anahesabu miaka iliyobaki kabla hajastaafu.

Mimi nilijiona mwerevu kuliko hao. Nilijua kufungua kurasa, na nilizisoma zote. Mwezi wa Juni nikafungua ukurasa wa kisima cha kijiji cha Nduamo. Ulikuwa umeandikwa na Fundi Mpondo, mzee wetu, mtu aliyenifundisha hata kushika spana. Aliandika kwamba kisima kile kina mabomba sita ya chuma. Ni kweli, yeye alifunga sita. Lakini mwaka wa ukame, maji yaliposhuka, mimi nilikwenda Nduamo nikaongeza matatu. Kule chini kulikuwa na tisa.

Niliona kosa lile kwa macho yangu haya. Kufuta sita na kuandika tisa ni kazi ya kupepesa jicho. Sikufanya. Wakati wa chai nikawaambia wenzangu, "Mzee Mpondo ameteleza Nduamo, kule kuna tisa." Tukacheka kidogo, tukamalizia maandazi, tukarudi kazini. Walionisikia walikuwa watano. Hakuna hata mmoja aliyegusa ukurasa ule.

Mwezi wa Oktoba, jua likiwa kali kuliko wakati wote, pampu ya Nduamo ikakwama. Alitumwa Njiku, fundi aliyehamia kwetu kutoka mkoa mwingine, mtu makini, mwenye watoto watatu. Kwa kuwa hakukijua kisima kile, alifanya alivyoagizwa: akafungua ukurasa, akasoma. Mabomba sita. Mzigo wa mabomba sita hunyanyuliwa na wanaume watatu kwa kamba na kibano cha kuyashikilia yasirudi chini. Mabomba tisa hayataki mchezo. Yanataka winchi ya mnyororo, na winchi tunayo moja tu, hapo nyuma yenu. Njiku akaiacha, akaenda na kamba.

Walipoanza kuvuta waliona uzito umezidi. Njiku akadhani pampu imeshikwa na tope. Wakakaza, wakainua kidogo, wakafunga kibano. Kibano kikateleza. Mabomba yote yakarudi chini kwa kishindo, na kamba ikamkamata mkono kijana mmoja wa kamati ya maji, aitwaye Hango, ikamvunja vidole viwili. Kisima kikabaki na chuma tumboni. Nduamo haikuwa na kisima kingine. Kina mama walianza kwenda bondeni, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, wakachimba mchangani na kusubiri maji yajikusanye kikombe kwa kikombe.

Siku ya nne tuliitwa wote karakana. Barua ya kumwachisha Njiku kazi ilikuwa imekwisha kuandikwa, inangoja sahihi. Alisimamishwa mbele yetu, akaulizwa kwa nini alikwenda kisima kirefu bila winchi.

"Nilisoma mabomba sita," akasema, akatoa simu yake.

Macho yakamgeukia Fundi Mpondo. Mzee akasimama taratibu, maana magoti yalikuwa yanamsumbua. "Niliandika sita kwa kuwa nilifunga sita," alisema. "Kama yameongezeka, sikuambiwa."

"Nani aliongeza?" akauliza Bi. Theofrida.

Hapo wenzangu wa chai wakaanza kutazama viatu vyao. Nikajua hakuna atakayenitaja, na nikajua pia kwamba nikinyamaza, Njiku anakwenda nyumbani. Nikainua mkono.

"Ni mimi. Mwaka wa ukame."

"Na ukurasa uliuona?"

"Niliuona mwezi wa Juni."

Hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. "Mzee Mkumbo, nimewaambia mara ngapi? Nimewaambia kwa mdomo, nimewaandikia, nimewachorea ubaoni. Uliona kosa miezi minne nyuma. Kwa nini hukusahihisha?"

"Ukurasa ni wa Fundi Mpondo," nikasema. "Ni mwalimu wangu. Niliona ni kukosa adabu kufuta maandishi yake."

Nilidhani mzee atafurahi kusikia hivyo. Alinigeukia, na uso ule sikuwahi kuuona hata siku nilipomvunjia spana yake mpya.

"Adabu," akasema. "Mkumbo, nikitoka chooni zipu iko wazi, utaninyamazia kwa adabu niende hivyo hivyo mpaka msikitini? Umewaambia watu watano kwenye chai. Mimi mwenye kosa hukuniambia. Umeniheshimu mpaka mtoto wa watu amevunjika vidole. Umeniheshimu mpaka kina mama wanachota matope. Heshima yako hiyo sasa niipeleke wapi?"

"Unasema ukurasa ni wangu, kwa hiyo na kalamu ilikuwa yangu," akaendelea. "Mimi ningeandika nini, nami sikuona kosa? Aliyeliona ni wewe. Aonaye kosa ndiye mwenye kalamu. Toa simu yako uandike."

Nikatoa simu. Mbele ya mafundi arobaini, kwa kidole kimoja, nikafuta sita nikaandika tisa, nikaeleza na mwaka. Jina langu likatokea chini ya ukurasa. Bi. Theofrida akaichukua ile barua ya Njiku, akaichana, akasema kesho mimi na Njiku tutakwenda Nduamo pamoja, na winchi.

Kazi ya kuvua mabomba yaliyozama haina mfano wake kwa uchovu. Unashusha ndoana ya chuma gizani, unapapasa, unanasa bomba, unavuta, linachomoka, unaanza tena. Tulikaa siku kumi na tano. Siku ya kwanza nilikwenda kwa Hango na kwa mwenyekiti wa kamati ya maji, Mama Nyambi, nikawaambia kosa lilikuwa langu, si la Njiku. Hango alinisamehe. Mama Nyambi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nimekusikia. Lakini kesho alfajiri mke wa mwanangu anakwenda bondeni na mimba ya miezi minane. Wewe fanya kazi." Akaondoka. Nikafanya kazi.

Maji yalipotoka, hakuna aliyeshangilia. Watu walipanga ndoo, wakachota, wakaenda zao.

Nyinyi mnadhani nilikuwa nimejifunza. Ngojeni. Wiki moja baadaye nilifungua ule ukurasa, niutazame tu. Tisa yangu haikuwepo. Imefutwa, pameandikwa nane, na chini yake jina la Njiku. Nawaambia kweli, damu ilinichemka. Mtu niliyemwokolea kazi, mdogo kwangu kwa miaka ishirini, ananifuta bila hodi. Nikampigia simu.

"Njiku, umenifuta?"

"Ndiyo, mzee. Yalitoka tisa, lakini moja lilikuwa limepasuka, tukarudisha nane. Wewe ulikuwa umekwenda kufunga mizigo. Nimekosea?"

Nikakumbuka lile bomba lililopasuka. Tuliliacha kwa Mama Nyambi, akalifanya nguzo ya kuanikia nguo. Kama fundi mwingine angeandaa mzigo wa tisa, au angeagiza bomba asilolihitaji, angesema Mkumbo ndiye aliyeandika, na angekuwa amesema kweli.

"Mzee, upo?" akauliza Njiku.

"Nipo," nikamjibu. "Hujakosea, baba. Aonaye kosa ndiye mwenye kalamu."