Ndimbo, Koplo wa Majivu

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mbona mnaitika kama watu wenye jivu kooni? Sogeeni motoni. Nawe uliyeegemea ukuta, sogea. Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale palikuwa na mlima uliovuta moshi mchana kutwa kama bibi mwenye kiko, na watu wakauita Mlima Kiko. Chini yake kulikuwa na vijiji, na kati ya mlima na vijiji mfalme aliweka jeshi. Msiniulize jeshi la zamani za kale lilipata wapi makoplo na masajini. Hadithi ni yangu, nami nasema lilikuwa nao.

Jeshi lile lilipenda vyeo kuliko chakula. Askari wa kawaida, mkono wa shati lake ulikuwa mtupu. Koplo alishonewa tepe mbili, Sajini tepe tatu. Kapteni alibeba nyota begani, na Jenerali, huyo alikuwa na mapambo mengi hata akipiga chafya yanalia kama njuga. Neno la Jenerali lilimshukia Kapteni, Kapteni akamwambia Sajini, Sajini akamwambia Koplo, Koplo akamwambia askari. Neno la kupanda lilipanda vivyo hivyo, ngazi kwa ngazi. Ukiruka ngazi hata moja, tepe zako zilibanduliwa mbele ya watu wote. Mtu akiona nyoka karibu na mguu wa Jenerali, alianza kwa kumtafuta koplo wake.

Mnacheka? Chekeni sasa hivi, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha sana.

Katika jeshi hilo alikuwamo askari mmoja, jina lake Ndimbo, mwana wa Bi Sikitu wa kijiji cha Mtoni. Mkono wa shati lake ulikuwa mtupu kama kinu cha mwezi wa njaa. Siku moja Koplo Chitete, mkubwa wake, akampandisha mpaka kwenye mwamba ulio juu ya kambi, akamwambia, "Ndimbo, hapa ndipo zamu yako. Ukiona moto badala ya moshi, piga ukelele, watu wa vijijini wakimbie. Usiondoke mpaka nije kukutoa."

"Ndiyo, afande," akasema Ndimbo.

"Nani atakutoa?"

"Wewe, afande."

Ndiyo ilikuwa sheria. Askari wa zamu alitolewa na koplo aliyemweka, na mwamba haukuachwa mtupu. Koplo Chitete akamwachia kibuyu cha maji na mfuko wa unga, akashuka.

Siku ya kwanza moshi ulikuwa mweupe. Siku ya pili ukawa mweusi. Siku ya tatu jivu likaanza kumwagika.

Ninyi mnalijua jivu la jikoni, laini, la kusugulia sufuria. Jivu la mlima si hilo. Ni mawe yaliyosagwa. Liliingia machoni, na Ndimbo alipoyafikicha macho yakachubuka. Aliposonga ugali, ugali ukalia kwachu-kwachu kwenye meno. Alipokunywa maji, maji yalikuwa ya kijivu na yenye ladha ya kutu. Akafunga kitambaa puani, kitambaa kikajaa, akakikung'uta, kikajaa tena. Akakohoa mpaka mbavu zikamuuma. Kikanyesha kimvua chepesi, akashukuru Mungu, kumbe jivu likilowa huwa zito kama udongo wa kukandika nyumba. Kibanda chake kikalalia upande, kikaanguka.

Lakini hayo yote si kitu mbele ya ukimya. Jivu likitanda hunyamazisha dunia. Hakuna ndege, hakuna mdudu, hata hatua zako mwenyewe huzisikii. Ndimbo alikanyaga huku na huku ili asikie mtu akitembea, na hakusikia mtu. Mchana ukafanana na magharibi. Akaona upweke, upweke hasa, ule wa kumfanya mtu aongee na kibuyu.

Ndipo akatokea Pimbi, yule mnyama mdogo wa mapangoni, mwenyeji wa mwamba ule, kapakaa jivu mpaka kwenye kope.

"Ndimbo, Ndimbo," akasema Pimbi, "wenzako wanafunga mizigo. Shuka."

"Siwezi. Koplo Chitete aliniweka, Koplo Chitete atanitoa."

Pimbi akaenda zake. Kesho yake akarudi.

"Ndimbo, Ndimbo, wenzako wameondoka. Kambi ni tupu, hata mafiga wamechukua. Shuka."

"Siwezi. Koplo Chitete aliniweka, Koplo Chitete atanitoa."

"Basi nitakwenda kumwita mwenyewe," akasema Pimbi, kwa kuwa alikuwa na moyo mkubwa kuliko mwili wake.

Akaenda. Siku tatu Ndimbo akamngoja, na kila alipokohoa alidhani ni Pimbi anaitika. Siku ya tisa ya zamu yake, Pimbi akarudi, miguu imechubuka.

"Ndimbo, Ndimbo, wenzako wako ng'ambo ya mto. Nimefika langoni, wakaniuliza, 'Cheo chako?' Nikasema, 'Mimi ni Pimbi.' Wakasema, 'Hakuna cheo hicho, pita hivi.' Nikarudi mara ya pili, wakanifukuza. Mara ya tatu nikapita chini ya ua. Nimemwona Chitete wako."

"Anakuja?"

Pimbi akajilamba jivu mguuni.

"Ndimbo, ana tepe tatu. Alimtoa Jenerali kwenye jivu kwa kumbeba mgongoni, wakampa usajini palepale. Amri ya kuondoka ilishuka kutoka kwa Jenerali, ikafika kwa Kapteni, ikafika kwa Sajini, na chini ya Sajini hapakuwa na koplo. Hawajaweka mwingine. Na Sajini haruhusiwi kusema na askari."

Ndimbo akakaa kitako. Aliyemweka hayupo tena. Mtu yupo, anakula na kulala ng'ambo ya mto, lakini koplo hayupo. Hata angengoja mpaka nywele ziote mvi, hakuna ambaye angekuja. Akalia, na machozi yakachora mistari miwili kwenye mashavu yake ya kijivu.

Pimbi akaitazama ile mistari miwili. Akaitazama sana.

"Ndimbo," akasema, "tepe za koplo ni ngapi?"

Ndimbo akanyanyua kichwa. Kwenye kibuyu lilibaki funda moja la maji. Koo lilikuwa linamwasha, ulimi umekauka, lakini hakulinywa. Akalimimina juu ya jivu, akakanda, akachovya kidole, akachora kwenye mkono wa shati tepe moja, na ya pili. Halafu akasimama upande wa kushoto wa mwamba.

"Askari Ndimbo!"

Akakimbilia upande wa kulia, akasimama wima. "Ndiyo, afande!"

Akarudi kushoto. "Umekaa zamu siku ngapi?"

Akaenda kulia. "Tisa, afande."

"Kuna aliyekuja kukuuliza hali?"

"Pimbi, afande."

Koplo Ndimbo alitaka kumwambia pole, ila hakujua kama koplo huwaambia askari pole. Kisha akakumbuka kuwa koplo ni yeye.

"Pole," akasema. "Zamu yako imekwisha. Shuka."

Lakini mwamba hauachwi mtupu, hiyo nayo ilikuwa sheria, na Bi Sikitu na watu wote wa chini walikuwa wametega sikio wausikie ukelele wa pale juu. Ndimbo akageuka huku na huku. Pimbi akavuta pumzi, akapanda juu ya mwamba, akajinyoosha kwa kadiri Pimbi anavyoweza kujinyoosha.

"Niweke mimi," akasema. "Sauti ninayo, na mwamba nimeuzoea."

"Nitakutoa siku ya tatu," akasema Ndimbo.

"Nani atanitoa?"

"Mimi."

Basi Ndimbo akashuka, akapapasa, akaanguka, akainuka, mpaka akafika mtoni. Pale majini alikuwapo Sajini Chitete, peke yake, akiosha macho. Wakatazamana.

"Ndimbo!" akasema Chitete. "Nani amekutoa?"

"Koplo wangu."

"Koplo wako ni mimi."

"Wewe ni sajini, afande."

Chitete akaushika mkono wa shati lake, pale penye tepe ya tatu, kama mtu aliyeumwa na siafu. "Tumekuandika kuwa umekufa kwa majivu," akasema taratibu. "Nenda tu kwenu. Hakuna atakayekutafuta."

"Ulinikumbuka?"

"Kila siku."

"Na hukuja."

Sajini Chitete akarudi kuosha macho. Ndimbo akaingia majini, akakoga, akafua shati lake, na tepe zile mbili za jivu zikaondoka na maji. Akavuka, akaenda kwao. Nawaambia, katika mambo yote yaliyomuuma, jivu la machoni, njaa na kikohozi, hakuna lililomuuma kama lile neno "kila siku".

Bi Sikitu alipomwona mwanawe aliangusha ungo. Akamwosha macho kwa maji ya uvuguvugu, akampikia uji usio na mchanga, akamtandikia. Ndimbo akalala, akaamka, akala, akalala tena. Nyumba ilikuwa na sauti. Kuku walilia, mama alitwanga, majirani waliingia kumpa pole, naye aliona raha ya kusikia hata kinu. Siku zikapita, hakuzihesabu.

Siku ya tano, mama yake akiwa anapepeta mchele, akauliza, "Mwanangu, walikuja kukuchukua?"

"Hapana, mama. Nilijichukua mwenyewe."

"Maskini. Na pale mwambani ulimwacha nani?"

Ndimbo alikuwa na kata ya maji mdomoni. Akaiweka kata chini.

"Ulimwacha nani, Ndimbo?"

"Pimbi," akasema. "Mama, nilimwambia siku ya tatu."

Bi Sikitu akauweka ungo chini. Hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alisema tu, "Maji yamo kibuyuni. Nenda."

Ndimbo hakungoja kuvaa vizuri. Akaenda mbio, kibuyu begani, na njia nzima alijisemea, "Nimekuwa Chitete. Mimi nami nimekuwa Chitete, bila hata tepe ya tatu." Akavuka mto. Akapita kambini, akazikuta sehemu za mafiga tu. Jivu likamfika kwenye vifundo, likamfika kwenye magoti. Alipokaribia mwamba akaita, "Pimbi!" Jivu likameza sauti. Akaita tena, "Pimbi!" Kimya. Akaita mara ya tatu, na kohozi likamkaba.

Akapiga magoti, akamimina maji kidogo, akakanda jivu, akachora tepe moja, na ya pili. Kwa ile haraka, tepe zikatoka kombo. Akapanda.

Juu ya mwamba palikuwa na kitu cha kijivu kilichosimama wima. Kidogo, hakisogei. Jivu limejaa masikioni, limejaa mgongoni, macho yameganda, hayafunguki. Ndimbo akadhani amechelewa.

"Nani huyo?" kikauliza kile kitu. Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Mimi, Pimbi. Ndimbo."

"Ndimbo ni askari. Askari hawezi kunitoa. Nani huyo?"

"Koplo Ndimbo," akasema.

"Lete mkono."

Ndimbo akanyoosha mkono. Pimbi akapapasa kwa kiganja chake kidogo, tepe moja, tepe ya pili, mbichi bado, zimekwenda kombo. Akapapasa tena, na mara ya tatu, kwani alitaka kuhakikisha.

"Afande," akasema, "umechelewa siku mbili. Moto haujaonekana. Nilikohoa, lakini sikulala."

"Zamu yako imekwisha, Pimbi. Pole. Nisamehe."

Hapo ndipo Pimbi alipoketi. Ndimbo akamwosha macho kwa maji ya mama yake, taratibu, bila kuyafikicha. Macho yakafunguka, kwanza moja, kisha la pili. Pimbi akamtazama, akatazama kule alikotokea, kwenye nyayo ndefu zilizokata jivu kutoka mtoni.

"Umekuja peke yako?"

"Peke yangu."

"Njia yote hiyo?"

"Njia yote."

Wakalia wote wawili, mtu na mnyama, palepale juu, na hakuna aliyekuwa na cheo. Kisha Pimbi akapiga ukelele kuwaita ndugu zake mapangoni, akamweka mmoja juu ya mwamba, akamwambia, "Jua likifika pale, nakuja kukutoa." Na jua lilipofika pale, akaenda. Ndimbo alikaa akaangalia kama kweli atakwenda, ndipo akashuka nyumbani kwa mama yake.

Mlima Kiko mpaka leo unavuta. Jeshi lile sijui lilikokwenda. Lakini ukipita penye miamba utawaona pimbi wanakula majani, na mmoja wao amesimama juu peke yake, anaangalia huku na huku. Akikaa sana huanza kulia. Wasiojua husema anatisha watu. Anauliza tu, "Nani huyo? Nani anakuja?"

Na mwenzake huja.

Hadithi yangu imeishia hapo. Jivu la machoni kila mtu ampanguse mwenzake.