Robota la Ndetaulwa na Ngata ya Anaufoo

"Mfunga robota amuulize mbebaji." Ndivyo alivyowaambia Mama Mkunde jana, kwenye kikao chenu cha kununua lile sufuria kubwa la kukodisha kwenye harusi. Mkacheka, kisha mmoja wenu akauliza robota limeingiaje kwenye mambo ya sufuria. Kaeni basi niwaeleze. Methali hii si ya kale kama mnavyodhani. Siku ilipozaliwa nilikuwapo, na sikufanya lolote la kujivunia. Ilikuwa hivi.

Kaka yangu Ndetaulwa alikuwa na ng'ombe wanne wa maziwa huku juu kihambani, kwenye shamba la nyumbani. Aliwalisha zizini, kama desturi yetu ilivyo, kwa sababu huku migomba na kahawa vimejaa na hakuna mahali pa kuchungia. Shamba lake la nyasi, ekari tano, lilikuwa kule chini tambarare. Majani hukatwa chini, ng'ombe hula juu, na katikati yake kuna kichwa cha mwanamke. Imekuwa hivyo tangu enzi za mababu, na sikumbuki mwanamume aliyeona ajabu.

Kwa kaka, kichwa hicho kilikuwa cha shemeji yangu Anaufoo. Trekta au gari huishia barabarani, pale kwenye duka. Kuanzia hapo ni kijia cha kupanda kati ya migomba, kinachovuka mfereji juu ya magogo mawili, na mwendo wake kwa mtu mwenye mzigo ni robo saa nzima. Anaufoo alikipanda mara mbili kwa siku kwa miaka ishirini na mitatu.

Mwaka ule shingo yake ilikataa. Ukimwita, aligeuka mwili mzima kama mlango. Vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kufa ganzi, akawa anaangusha vikombe. Daktari hakumficha: akibeba mizigo ya majani mwaka mmoja zaidi, mkono ule hautafanya kazi tena. Ndetaulwa alimpenda mkewe, nalisema hili mapema msije mkamdhania vibaya. Aliporudi kutoka hospitali alitangaza kwamba atanunua mashine ya kufunga nyasi kavu, ile inayotoa marobota ya mviringo, ili mama watoto apumzike.

Huku kwetu hakukuwa na mkulima mdogo aliyewahi kuwa na mashine hiyo. Kwa hiyo kaka alikwenda pole pole, na kwa hilo namsifu. Alimuuliza fundi kama trekta lake la mtumba litaweza kuivuta na kuiendesha. Alimuuliza mwenye shamba kubwa la nyasi, ng'ambo ya mlima, kama afunge kwa kamba au kwa wavu. Akaambiwa wavu, kwa sababu unafunga upesi na robota halifumuki. Aliuliza vipuri vinapatikana wapi, na nyasi zikauke siku ngapi ndipo zifungwe. Yote aliyaandika kwenye daftari. Mimi nilimsindikiza kila mahali nikitikisa kichwa kama mtu anayeelewa.

Dukani mjini tulikuta mashine tatu zimepangwa uani. Kubwa ilitoa robota la kilo mia mbili, ya kati kilo arobaini, na ndogo kilo ishirini tu. Muuzaji, Bwana Hashimu, alikuwa mtu wa haki. Aliuliza maswali yote ambayo muuzaji mwema huuliza.

"Kutoka shambani unasafirisha kwa nini?"

"Kwa trekta na tela, mpaka barabarani," kaka akajibu.

"Na kutoka barabarani mpaka zizini?"

"Kwetu hubeba wanawake."

Bwana Hashimu alicheka, akadhani ni mzaha. Kaka alipoona mwenzake anacheka, akacheka. Nami nikacheka, nisije nikaonekana mgeni wa mambo.

Kaka akaichagua kubwa. "Marobota machache, safari chache," aliniambia, na hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Nyasi ambazo mkewe angepanda nazo mara saba, sasa zingekuwa robota moja.

Mwezi wa sita, masika yalipokwisha, tulikata nyasi, zikakauka, mashine ikaingia shambani. Siwezi kusema uongo, ilikuwa nzuri kutazama. Ilimeza nyasi, ikazizungusha, ikafungua mlango wake wa nyuma na kulitaga robota zima, limeviringana na kukazana. Jirani waliokuja kutazama walipiga makofi. Watu wanane tulihenya kwa mbao na kamba kupandisha matatu kwenye tela, tukayapeleka barabarani kwa nyimbo, tukayashusha mbele ya duka. Kaka akatuma watu wamwite mkewe aje aone zawadi yake.

Anaufoo alikuja amevaa kanga safi. Alilizunguka robota la kwanza pole pole. Lilimfika kifuani. Kisha akaitoa ngata yake kiunoni, kile kitambaa kilichoviringishwa ambacho huwekwa kichwani chini ya mzigo, akajiweka sawa, akasimama mbele ya mumewe.

"Baba Aisa," alisema, "nitwike."

Mnajua desturi. Mwanamke akisema nitwike, aliye karibu huinua mzigo na kumwekea kichwani, hata kama ni mtu asiyemjua. Hakuna anayekataa. Kaka alilitazama robota, akatutazama sisi.

"Mama Aisa, hili si la kutwika."

"Ni la nini?"

"Ni la... tutaliviringisha."

"Kwenye yale magogo ya mfereji?"

Kaka akakiangalia kijia. Nyimbo zilikuwa zimekwisha zamani.

"Ulimuuliza fundi," Anaufoo akaendelea, wala hakupaza sauti. "Ukamuuliza tajiri wa ng'ambo. Ukamuuliza mwenye duka. Nimelala pembeni yako miezi yote hiyo, na shingo ni hii hapa. Mbebaji hukumuuliza."

Akaitoa ngata kichwani, akaiweka juu ya robota, akaondoka. Nilijisikia vibaya sana, maana nami nilikuwa na mdomo mjini, na nilichofanya nao ni kucheka.

Wanaume tukikosea hatukubali upesi. Tulijaribu kuliviringisha. Watu sita tulilisukuma mpaka mferejini, na pale lilitushinda, likaingia majini likaziba njia yote. Maji yakafurika kwenye maharage ya Mzee Kiwelu. Wazee wa mfereji walimtoza kaka faini ya madebe mawili ya mbege, pombe yetu ya ndizi, wakayanywa wao wenyewe huku wakimpa pole. Yale mawili yaliyobaki barabarani tulikata wavu, tukayakunjua kama mikeka. Kesho yake asubuhi nilimwona Anaufoo akipanda kijia na mzigo kichwani, uleule wa siku zote, mkono wa kushoto ukining'inia. Kaka naye alimwona. Siku ile hakula.

Wiki iliyofuata aliirudisha mashine, kwa masharti ambayo hakuwahi kunitajia. Safari hii Anaufoo alikwenda naye, na ngata yake, nami nikawasindikiza. Bwana Hashimu alikuwa amesikia habari, hakucheka tena. Alifunga robota la mfano kwa mashine ya kati, la kilo arobaini, akauliza kwa heshima:

"Mama, mbebaji ni wewe?"

"Nilikuwa mimi. Daktari amenikataza," alisema Anaufoo. Akamkabidhi mumewe ngata. "Mbebaji ni huyu."

Kwetu mwanamume hubeba begani, habebi majani kichwani. Kaka aligeuka kuniangalia, nami nikaangalia matairi. Lakini alikuwa amemwona mkewe kwenye kile kijia. Akaiweka ngata kichwani, akamwambia Bwana Hashimu, "Nitwike."

Alitembea mpaka lango la ua akarudi. Shingo ilikuwa imezama mabegani.

"Hili linafaa," alisema akihema.

"Nenda tena," Anaufoo akamwambia. "Kwenda zizini ni mara ishirini ya hapo, tena ni mlima."

Alikwenda tena. Aliporudi alilitua mwenyewe chini, akakaa juu yake kwa muda. Kisha akanyoosha kidole kwenye mashine ndogo, ile ambayo siku ya kwanza tulipita mbele yake bila hata kuuliza jina lake.

Msimu ule wote kaka alibeba. Watu walimcheka juma zima, wakachoka. Baadaye nami nikawa namsaidia, kwa sababu aibu ya kutazama ilikuwa kubwa kuliko aibu ya kubeba. Shingo ya Anaufoo haikurudi kama ya ujana, lakini vidole vyake viliamka, na kikombe cha chai mnachopewa mkienda kwake, anakishika kwa mkono ule wa kushoto.

Wakulima wengine walipokuja kumuuliza kaka wanunue mashine gani, hakuwauliza habari za ekari wala za trekta. Aliwapa ngata. Aliyekataa kuivaa, alimwambia aende akamlete anayeivaa, ndipo waongee.

Sasa, hilo sufuria lenu la watu mia tatu. Jana mlikuwa vijana wa kiume tisa kwenye kikao, na Mama Mkunde aliyekuwa akiwapitishia chai. Mlijadili unene wa bati na ukubwa wa mfuniko. Yeye ndiye atakayeliipua jikoni likiwa limejaa pilau, yeye na wenzake watatu, na hakuna aliyemgeukia. Rudini leo mkamwombe radhi, mwende naye dukani. Mfunga robota amuulize mbebaji.