Taa Iliyohamia Mlangoni

Taa mpelekee aliye gizani. Aliye mwangani ataifuata.

Mmeyasikia maneno haya leo asubuhi, mkuu wa shule yenu alipompeleka mwalimu hodari wa hesabu akafundishe mkondo wa mwisho, na wazazi wa mkondo wa kwanza wakaja ofisini wamevimba mashavu. Aliwajibu kwa methali hiyo tu, wakashuka mlima kurudi makwao. Nanyi mmekuja kuuliza imetoka wapi. Kaeni basi, na wewe mwenye simu iweke mfukoni. Methali hii haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa Lupembelo, ndani ya bwalo hilo mnalolia chakula, na ilianza hivi.

Miaka ile nguzo za umeme zilikuwa hazijapanda huku. Bwalo zima lilikuwa na karabai moja, iliyoning'inia kwenye kulabu juu ya meza ya mbele. Saa moja usiku, vyombo vikishaoshwa, wanafunzi arobaini wa kidato cha nne walirudi humo kujisomea mpaka saa tatu. Aliyeiwasha taa hiyo, akaijaza mafuta na kuipiga pampu kila ilipofifia, alikuwa matroni. Jina lake Tulinagwe, mjane wa makamo aliyeishia darasa la saba, lakini alimjua kila mtoto kwa kikohozi chake.

Mkuu wa shule wakati huo alikuwa Mwalimu Mwambipile, ambaye pia alifundisha hesabu. Alikuwa mtu wa haki, tena haki iliyonyooka kama rula, na wote mnajua rula haipindi hata pale inapopaswa kupinda. Kila mwisho wa mwezi alibandika matokeo ya jaribio, na watu wakahama viti. Aliyeshika namba ya kwanza alikaa meza ya mbele, chini ya taa. Wa pili akamfuata, wa tatu akamfuata, hivyo hivyo meza kwa meza, mpaka wale kumi na mmoja wa mwisho wakaishia benchi la mlangoni, ambako ukungu uliingia kila mlango ulipofunguliwa na mwanga ulifika umechoka. Mwalimu aliamini kwamba mtu akiona giza vya kutosha atakimbilia mwanga. Ajabu ni kwamba mwaka mzima hakuna hata mmoja wa mlangoni aliyewahi kusogea mbele, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Walisema tu kwamba wa mlangoni ni wa mlangoni.

Zikabaki wiki sita kufika mtihani wa majaribio. Mwalimu Mwambipile akatangaza paredini kwamba atakayeanguka mtihani huo atarudishwa kidato cha tatu. Wengine waliona ni mwaka tu wa kurudia. Lakini wa mlangoni walijua kwamba nyumbani kwao hakuna atakayewangoja mwaka mwingine.

Jumamosi ile Tulinagwe aliingia bweni la wasichana akamkuta Ikupa, binti wa mlangoni, anapanga nguo kwenye sanduku lake la bati.

"Safari ya wapi, mwanangu?"

"Nyumbani, mama. Nikachume chai na dada. Afadhali niondoke kwa miguu yangu kuliko kufukuzwa."

Tulinagwe hakumgombeza. Aliketi kitandani, akachukua daftari la hesabu na kitabu cha shule kilichoazimwa mchana ule, vyote juu ya sanduku, akavifungua karibu na dirisha. Kurasa za daftari zilijaa kalamu nyekundu. Hakuzijua hesabu zile, lakini tarakimu alizijua, akaanza kulinganisha kitabu na daftari kama mtu anayekagua mashuka yaliyotoka kufuliwa. Kitabu kilisema thelathini na nane, daftari likasema themanini na nane. Kitabu kilisema tano, daftari likasema sita. Ukurasa baada ya ukurasa ilikuwa hivyo hivyo.

"Ikupa, hizi umezinakili lini?"

"Usiku, bwaloni. Vitabu vya shule haviruhusiwi kulala bwenini."

"Na hesabu hii, ukiianza na thelathini na nane?"

Ikupa akachukua penseli, akaifanya hapo hapo juu ya goti. Jibu likatoka sawasawa na lile la nyuma ya kitabu. Waliangaliana. Tulinagwe alijilaumu, maana ni yeye aliyekuwa akiwasha taa ile kila jioni, akijisifu moyoni kwamba anawamulikia watoto wa watu.

"Rudisha nguo zako kabatini," akasema.

Akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule na daftari kwapani. Mwalimu Mwambipile alilitazama, akalifunga taratibu.

"Nakusikia, matroni. Lakini mchumia juani hulia kivulini. Meza ya mbele ni malipo ya jasho. Nikimpa taa aliyeshindwa, aliyeshinda atajitahidi kwa lipi?"

"Sijui hayo, mwalimu. Naomba jambo dogo. Leo jioni, ukija kuita majina, uketi kidogo na wa mlangoni. Uwasomee hesabu moja tu, wapate moyo."

Hilo halikuwa na ubaya, akakubali. Alikuwa na miwani mpya kutoka Mbeya, na hakuchukia kuonekana nayo.

Jioni ile mkuu wa shule aliketi kwenye benchi la mwisho, magoti yakigusa meza, Ikupa upande huu na mlango upande ule. Tulinagwe akampa kitabu. Kule mbele wote walikuwa nacho kitabu hicho hicho, wakafungua ukurasa.

"Swali la nne," Mwalimu Mwambipile akaanza kwa sauti yake ya paredi. Kisha akakileta kitabu karibu. Akakipeleka mbali. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. "Mkulima ana miche ya chai themanini na nane..."

"Thelathini na nane, mwalimu," sauti ya Lwitiko ikatoka mbele. Lwitiko alikuwa namba ya kwanza tangu kidato cha kwanza, na kusahihisha watu ilikuwa ada yake.

Mwalimu aliinama tena juu ya ukurasa, akaifuata tarakimu kwa kidole. Tulinagwe akaweka mbele yake daftari la Ikupa, wazi kwenye swali la nne.

"Na yeye aliandika hivyo hivyo," akasema kwa upole. "Ukampa sifuri."

Mwalimu Mwambipile alikuwa na kiburi chake, sikatai, lakini hakuwa mwongo. Alinyanyuka, akatembea mpaka mbele, akaitungua karabai kwenye kulabu kwa mikono yake mwenyewe. Meza ya mbele ikapigwa na giza, minong'ono ikaanza.

"Na hawa, matroni?" akauliza katikati ya bwalo, taa mkononi. "Hawa niwafanyeje?"

"Hawa wana miguu, mwalimu."

Basi taa ikaenda mlangoni. Kulabu haikuwepo huko, hivyo mkuu wa shule akasimama ameiinua juu ya benchi, na wa mlangoni wakasoma. Wa mbele walikaa gizani kwa muda, wameshika heshima yao. Kisha mmoja akabeba kigoda chake, akafuata wa pili, na mabenchi yakaanza kuburutwa. Wa mwisho alikuwa Lwitiko. Alikaa peke yake na kitabu asichokiona mpaka alipochoka na ukaidi wake, akaja akajibana kando ya Ikupa. Alikuwa amenuna.

Kesho yake baba mmoja wa kijijini, mhunzi, akapandisha kulabu mpya aliyoifua usiku, akaipigilia juu ya mlango. Wanawake wa bondeni waliposikia, wakawa wanaleta ndizi za kuchemsha kila Ijumaa, wakaketi nje barazani kuwasikiliza watoto wakibishana hesabu. Na walibishana kweli, maana wa mlangoni hawakuogopa kuuliza kwa nini. Ikupa alimuuliza Lwitiko kwa nini, na Lwitiko akagundua, kwa aibu kubwa, kwamba mambo mengi aliyakariri tu. Ikabidi arudi kuyaelewa ndipo ayaeleze. Alikasirika wiki ya kwanza. Wiki ya tatu alikuwa akimwekea Ikupa nafasi.

Mtihani wa majaribio ukaja, ukapita. Siku ya matokeo Mwalimu Mwambipile hakubandika karatasi ukutani. Aliwakusanya wote bwaloni, akasimama mlangoni, miwani puani, akasoma jina kwa jina. Wale kumi na mmoja walipita wote. Ikupa alikuwa wa saba. Lwitiko alibaki wa kwanza, na alama zake zilikuwa hazijawahi kufika pale. Bwalo lililipuka kwa vigelegele. Wapishi wakagonga sufuria, na Tulinagwe akanyanyuliwa juu juu hadi kitenge kikataka kumvuka, naye akilia na kucheka kwa pamoja, akisema "ndaga, ndaga," yaani asante, kama vile yeye ndiye aliyefaulu.

Kelele zilipotulia, Mwalimu Mwambipile akainua mkono. Watu walitarajia hotuba, maana alizipenda. Akasema sentensi moja tu, ile mliyoisikia leo asubuhi, kisha akaketi kwenye benchi la mlangoni.

Kulabu ya mhunzi bado iko pale juu ya mlango. Siku hizi mnaning'iniza makoti. Nendeni mkaitazame. Na kesho mkimwona mkuu wenu wa shule anapita bwaloni, mtazameni vizuri anavyoinua macho kuitafuta kabla hajaingia. Kibao cha mlango wa ofisi yake kimeandikwa Mwalimu I. Mwakalobo, na hiyo herufi ya kwanza ni Ikupa. Hakuchuma chai. Taa ilimfuata mlangoni, na leo anaipeleka kwa wengine, wazazi wanune wasinune.

Taa mpelekee aliye gizani. Aliye mwangani ataifuata.