Mitalawanda ya Bi Mize

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana simu zilikuwa zishaanza kunasa sauti, kisiwani Pemba kulikuwa na mzee akiitwa Ussi. Mkewe, Bi Mize, alifariki akaacha mitalawanda yake, vile viatu vya mti, na nyumba iliyonyamaza. Mzee Ussi akanyamaza nayo. Chakula kikawa hakimshuki. Upweke, nyinyi mnaocheka hapo nyuma, hauuziwi dawa dukani.

Binti yao Mwatime alikuwa mchoraji wa katuni. Akachora picha nyingi, akaziunganisha, mama akatembea kwenye kompyuta: kanga ile ile, mguu wa kushoto ukiburutwa kama alivyouburuta mwenyewe. Baba akatazama.

"Mashaallah. Nani huyu?"

"Mama huyu, baba."

"Mama yako hakuwa akielea."

Kaka yake Kombo akasema, "Hana uzito kwa kuwa hana mshindo. Niachie mimi." Akagonga vifuu viwili vya nazi, akatia sauti kwenye picha. Baba akatazama.

"Na huyu?"

"Mama huyu, baba."

"Huyu punda."

Alasiri moja Kombo akaenda kumjulia hali baba yake. Kabla hajapiga hodi akasikia ndani: ko... kwaruu. Ko... kwaruu. Mwendo wa mama yake kabisa. Akachungulia dirishani. Baba yuko peke yake, kavaa mitalawanda ya marehemu, anatoka jikoni kwenda chumbani akiburuta mguu wa kushoto. Akifika mlangoni anarudi, anaanza tena. Kombo akainua simu, akarekodi, akaondoka bila kubisha. Alilia njia nzima.

Sauti ile ikatiwa kwenye picha. Baba akatazama. Ko... kwaruu. Mara akajisogeza pale kitandani alipokaa, akaacha nafasi ya mtu.

"Mize," akasema, "leo umekawia."

Siku hiyo alikula. Kisha akaishika mitalawanda. "Aliyenirudishia mama yenu na aichukue hii. Sina kitu kingine ninachokipenda."

Mwatime akasema, "Mimi nilimpa mwili. Bila picha yangu, huo ni mti unaogonga sakafu."

Kombo akasema, "Na bila mshindo wangu angekuwa anaelea hadi leo." Akaitazama mitalawanda. Miguu ile aliijua ni ya nani. Akisema, Bi Mize atakufa mara ya pili. Akinyamaza, anachukua kisicho chake. Na mitalawanda ikitoka nyumbani, mzee atatembea na nini?

Mzee Ussi kanyoosha mikono, anangoja. Haya, nyinyi mnaojua kila kitu: je, nani alistahili kupewa mitalawanda ile, na nani angethubutu kuipokea?